Nani Aliuza Gari la Baba

Kambi ya Bwawa
3 Februari

Mdogo wangu,

Usinipigie simu. Nimekufungia, na nimekufungia makusudi, kwa sababu ukinipigia utanichekesha, na nikishacheka utakuwa umepona. Safari hii utaandika. Mwalimu mzima huwezi kushindwa na barua.

Mfamasia wa pale kwenye kona ya mtaa wetu alikuja hapa kambini juzi kuleta dawa za zahanati. Nikamuuliza nyumbani hawajambo, akasema hawajambo, halafu akaongeza, "Ila lile gari lenu jipya linaamsha mtaa." Nikamuuliza gari gani jipya. Akanitazama kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme. Ikabidi aseme yote. Kwamba chini ya kibanda cha mabati, pale steshenwagoni ya Baba ilipokaa tangu tumzike, sasa kuna kigari chekundu, hachibaki, kifupi nyuma kama kimekatwa kwa panga, kimeinama karibu kugusa lami, vioo vyeusi, bomba la moshi nene kama mkono wa mtu mzima. Na Mama ameonekana akishuka humo.

Sasa nieleze. Si tulikaa mimi na wewe kwenye meza ya jikoni, siku ya mwisho ya likizo yangu, tukakubaliana gari la Baba litengenezwe ili Mama apate usafiri wa kliniki na wa kupeleka nguo za wateja wake? Nikanunua shokamzoba mpya, za mbele na za nyuma, nikazifunga kwenye boksi kwa mikono yangu, nikazipakia kwenye basi. Ukanijibu, "Zimefika, dada, fundi anazifunga." Anazifunga wapi? Hewani?

Mimi nimekulia ndani ya gari lile. Kazi hii ya upimaji inayonilisha leo nilijifunza nikiwa kiti cha mbele, ramani mapajani, Baba akinionyesha vilima kwa kidole, vigingi na miguu ya darubini vikigongana nyuma. Wewe ulikuwa unatapika kila kona, kwa hiyo sishangai kama hulipendi. Lakini kutolipenda ni jambo moja, kuliuza ni jingine. Na Mama magoti yanamsumbua, wewe unamkunja kwenye gari linalokaa chini kama mkeka, ili walimu wenzako wakuone bado kijana.

Hilo sikio lako moja lisilosikia leo nimelionea wivu. Lingeniepusha na nusu ya habari hizi.

Nijibu kabla sijapanda basi kuja mwenyewe.

Dada yako


Nyumbani
11 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika, na ukisimama mbali kidogo unaweza kuisikia.

Ndiyo, gari la Baba limeuzwa. Nimeliuza mimi. Sikukwambia kwa sababu nakujua. Gia zilikuwa zimekufa, sakafu chini ya miguu ya dereva imeliwa na kutu mpaka unaona barabara. Fundi alilizunguka, akalipigapiga, akaniambia, "Mwalimu, hapa ukifunga shokamzoba mpya, gari litaanguka na shokamzoba zitabaki zimesimama." Hizo ulizotuma ziko salama chini ya kitanda changu. Nazigonga kwa kidole cha mguu kila asubuhi, nakukumbuka.

Unasema nilitaka kuonekana kijana. Sikiliza tulivyohangaika kwanza. Tulianza na steshenwagoni nyingine, ya bluu, buti yake ungeweza kulaza ng'ombe. Lakini iliwahi kugongwa nyuma ikanyooshwa, na barabarani ilikuwa inatembea upande kama kaa. Ya pili ilikuwa hachibaki nyeupe ya gia otomatiki. Ukikanyaga mafuta inakaa kwanza inafikiria. Tukaikataa kabla hatujatoka mtaani. Hii nyekundu ilikuwa ya kijana mmoja aliyekuwa anahama, ina turbo, gia za mkono, injini haijaguswa. Ukiingia kona inakufuata unakotazama. Tuliijaribu kwenye ile barabara ya kiwandani, tukarudi hatusemezani, tunatabasamu tu.

Tangu hapo imebadilishwa tairi, kwa sababu zile zilikuwa ngumu kama mbao. Breki za mbele zimewekwa kubwa zaidi. Springi zimewekwa fupi kidogo na ngumu kidogo. Kidogo, dada. Huyo mfamasia ana chumvi nyingi. Bomba lilikuja nalo hivyo hivyo.

Mama hajambo. Hajakunjwa na mtu. Nakuomba uliache jambo hili lilivyo.

Mdogo wako, Mwalimu


Kambi ya Bwawa
16 Februari

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo kwenu.

Nakuandikia kwa sababu baada ya Baba wewe ndiye mkubwa wetu. Gari la marehemu kaka yako limeuzwa bila familia kukaa. Mdogo wangu anakiri ameliuza yeye, na badala yake amenunua gari la mashindano. Kwenye barua yake kila mahali anaandika "tulijaribu", "tukaikataa", "tunatabasamu". Mtu mmoja hawezi kuwa wengi hivyo. Nina hakika kuna mwanamke, na kwamba gari la Baba limeyeyushwa kumfurahisha yeye, huku Mama akibebwa nyuma kama mzigo na kuogopa kusema.

Naomba ulichukue hilo gari likae kwako mpaka nitakapokuja. Usimkasirikie Mama. Yeye hana kosa.

Mwanao, Mpimaji


Nyumbani
28 Februari

Dada,

Leo shikamoo sikupi. Utaidai siku nyingine.

Jumatano nikiwa darasani, Baba Mdogo alikuja nyumbani na gari la kuvutia magari na wanaume wawili wenye minyororo. Mama alikuwa kwenye cherehani, anapunguza gauni la bibi harusi, pini mdomoni. Baba Mdogo akamwambia, "Shemeji, hili tutalihifadhi mpaka familia ikae. Mwanao wa kwanza ameniandikia." Akachukua ufunguo kwenye msumari wa ukutani. Wakalifunga mnyororo, wakalipandisha, wakaenda nalo, na majirani wamejipanga ukutani kama wanatazama mazishi. Wamekwangua bampa kwenye nguzo ya geti.

Niliporudi nilimkuta Mama amekaa pale pale. Gauni la watu liko sakafuni. Nikamuuliza, "Mama, kula umekula?" Hakujibu. Siku ya pili hakujibu. Siku ya tatu akaniomba karatasi.

Baba Mdogo amenisomea barua yako. Unasema nina mwanamke. Laiti. Unadhani mshahara wangu na haya madaftari ya kusahihisha vinaniachia muda wa mwanamke? Umekaa huko na darubini yako, unayoweza kuona kigingi kilicho ng'ambo ya bonde, ukaona mwanamke ambaye hayupo, ukatuma watu na minyororo kwenye nyumba ya mama yako.

Kuna jambo nililoahidi nisilikwambie. Nimelibeba mpaka mgongo umepinda. Sasa halinihusu tena, Mama mwenyewe anakuandikia. Amenipa niisome kabla hajaifunga bahasha. Nimeisoma nimesimama, halafu nimeisoma nimekaa. Na mimi yamo yaliyokuwa mageni kwangu. Siwezi kuandika zaidi leo.

Mwalimu


Nyumbani
28 Februari

Binti yangu,

Nimepata salamu zako. Shemeji yangu ameniletea, pamoja na minyororo. Sikumjibu kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni, na nilipomaliza kuzitoa walikuwa wameshafika getini. Tangu siku hiyo natema pini.

Gari la baba yako nimeliuza mimi. Si mdogo wako. Alikwambia ni yeye kwa sababu nilimwomba, na kwa sababu tangu mtoto ni mtu wa kusimama katikati apigwe na pande zote. Yule mwanamke uliyemwona kwenye barua yake ni mimi. Aliyeikataa ile nyeupe ni mimi. Aliyetabasamu kwenye barabara ya kiwandani ni mimi, na mwanangu wa kumzaa hakunipakia nyuma, yeye ndiye aliyekaa pembeni ameshika mlango.

Mimi ni dereva. Nilikuwa na leseni wakati baba yako hajapata hata baiskeli. Kabla sijaolewa nilikuwa naendesha gari la kiwanda cha mikate, gari refu, lenye gia ngumu, na kazi yangu ilikuwa kupeleka mikate hospitali ya juu mlimani kabla wagonjwa hawajaamka. Ile barabara naijua kona kwa kona. Najua pa kuachia mafuta na pa kukanyaga. Wanaume wawili walitangulia kupewa njia ile, wakarudi na mikate imesagika. Mimi yangu ilifika mizima.

Baba yako aliponiposa alisema, kwa upole, maana alikuwa mpole na sitamsingizia, kwamba mke wa mpimaji haendeshi gari la mikate. Nikakubali. Nilidhani naacha gari la mikate. Kumbe naacha usukani. Aliponunua ile steshenwagoni nilimwambia, "Nipe nizunguke nayo mtaa." Akacheka, akasema, "Utaliharibu." Ufunguo ulikuwa mmoja, akaufunga kwenye mkanda wa suruali yake, na hapo ulikaa mpaka siku tuliyomvua huo mkanda sisi wenyewe.

Unaniambia umekulia kiti cha mbele. Nakumbuka. Mimi nilikuwa nyuma, na vigingi.

Sasa nikwambie la kile kioo cha gari kilichovunjwa. Ulikuwa umeenda na baba yako porini, likizo ya shule, wamepita kuwachukua na gari la ofisi. Steshenwagoni ilibaki uani imejaa mafuta. Mdogo wako akashikwa na homa. Asubuhi alikuwa analalamika kichwa, mchana shingo imekaza, mtoto anatetemeka mikononi mwangu, macho yamegeuka. Mtaani hakuna gari jingine. Lile pale uani limefungwa, na ufunguo uko porini kwenye kiuno cha mtu. Nilichukua pasi ya chuma nikavunja kioo cha pembeni, nikaingia, nikavuta waya za chini ya usukani kama nilivyowahi kuona mafundi wakifanya. Sikuweza. Gari halikuwaka. Nikamfunga mgongoni nikakimbia mpaka barabara kuu, nikasimamisha lori la mchanga. Daktari alisema homa ya uti wa mgongo, na kwamba kila dakika ilikuwa na bei yake. Mtoto alipona. Sikio halikupona.

Baba yako aliporudi alikuta kioo kimevunjwa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kavunja kioo?"

Alipojua alilia. Alilia kweli, na hilo nalo naliandika. Lakini kesho yake aliamka, akavaa suruali, akafunga ufunguo mkandani.

Nimeishi na mtu huyo, nimempikia, nimemuuguza, nimemzika, na kuna siku nilimpenda sana. Lakini lile gari sikulitaka tena machoni mwangu. Nililiuza kwa mtu wa kwanza aliyepita, na lilipotoka getini nilifagia pale lilipokuwa limesimama.

Hili jekundu nimelichagua mwenyewe. Nimelilipia kwa nguo nilizoshona. Nilianza na tairi, kwa sababu gari ni tairi kwanza, mengine baadaye. Halafu breki, halafu springi. Viti nimevishona upya kwa mkono wangu, cha dereva nimekijaza mgongoni ili kinishike kwenye kona. Lile bomba nilitaka kulitoa, nikaona mbona nimekaa kimya miaka mingi, acha lipige kelele kwa niaba yangu. Magoti yananiuma nikipanda ngazi. Nikikanyaga klachi hayaniumi.

Chama cha magari kimetangaza siku ya kupanda mlima ule ule wa hospitali. Barabara inafungwa, gari linapanda moja moja, wanapima muda. Nimejiandikisha kundi la magari madogo. Nilitaka niende kimya, nikishuka ndipo nikwambie. Sasa gari liko kwa shemeji, chini ya turubai, kwa sababu binti yangu ameandika barua.

Mimi ni mama yako. Ungeniuliza.

Mama


Kambi ya Bwawa
9 Machi

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikatoka nje kusimama. Wenzangu wakaniuliza kuna msiba. Nikasema sijui.

Kuhusu gari nimekosea, na nimemwandikia Baba Mdogo kama ifuatavyo: "Baba Mdogo, shikamoo. Rudisha gari la Mama. Ni lake, yeye ndiye anayeliendesha, na nilichokuandikia mwanzo nilikibuni mwenyewe nikakiamini. Bampa utalitengeneza wewe." Nimemalizia hapo. Sina adabu zaidi ya hiyo kwa sasa.

Lakini Mama, na mimi nina langu, na usiniambie ninyamaze.

Umeniacha nimlilie mtu mwaka mzima. Ulikaa karibu yangu kwenye mkeka, unanishika mkono, unajua yote hayo, na ukaniacha niwaambie waombolezaji kwamba hakuwahi kumkosea mtu. Ulitikisa kichwa kukubali. Nilikuona. Kile kioo mliniambia ni wezi. Utoto wangu wote nililala nimejifunika shuka mpaka kichwani nikiogopa wezi ambao hawakuwahi kuzaliwa. Mdogo wangu nilimtania sikio lake tangu akiwa mdogo, na nimelitania tena mwezi huu, kwa maandishi, na wewe ungeweza kunizuia kwa sentensi moja tu. Hukunizuia. Unasema ningeuliza. Ningeuliza nini? Mtu anauliza kitu anachojua kipo.

Sasa namkumbuka Baba na kila ninapomkumbuka namwona kiuno. Sijui nifanye nini na mtu wa namna hiyo. Umenipa nusu yake ya pili wakati nilishazoea ile ya kwanza.

Na usipande ule mlima. Hata kama gari ni lako. Nimeupima mimi ule mlima, najua mteremko wa ile kona ya chini ya mnara wa simu. Gari la mikate lilikuwa linakwenda taratibu. Hili lina turbo. Ukianguka huko sitakuja kukuuguza, nitakuja kukugombeza tu.

Binti yako


Nyumbani
25 Machi

Dada, shikamoo. Hii ni ya leo na ile niliyokunyima.

Umeandika vizuri kwa Baba Mdogo, lakini umeandika mara mbili, na hapo ndipo alipotushikia. Alisema, "Barua ya kwanza ina sahihi yake, ya pili ina sahihi yake, niamini ipi?" Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu alinipa chai na hotuba.

Wiki iliyopita Mama alinyanyuka kwenye cherehani akaniambia, "Vaa viatu." Hakubadilisha nguo, futi ya kushonea iko shingoni. Tukaenda kwa miguu. Kumbe gari lilikuwa na funguo mbili tangu kwa yule kijana, na wa pili alikuwa nao muda wote. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Nilitaka arudishe mwenyewe. Nimempa nafasi, imetosha."

Tulifika, akapita ukumbini bila kubisha, akaenda uani, akavuta turubai likaanguka. Baba Mdogo akatoka na kanzu ya kulalia.

"Shemeji, hatujamaliza kikao."

"Mimi nimemaliza."

"Mali ya marehemu hii ina utaratibu wake."

"Marehemu hajawahi kuliona hili gari. Lingemkimbia." Akaingia, akawasha. Lile bomba ndani ya ua ule mdogo, dada, kuku walipanda juu ya paa. Baba Mdogo akaenda kusimama getini, mikono ameitanua. Mama akashusha kioo, akamwambia taratibu kabisa, kama anayepima mteja kiuno, "Shemeji, nilikuheshimu kwa sababu ya kaka yako. Nikaendelea kukuheshimu kwa mazoea. Sasa sogea, au fungua geti ukiwa umelishika, ili mtaa ujue umenisindikiza."

Alifungua geti. Alilishika kabisa.

Mlimani tulikwenda Jumapili. Ulimwambia asipande. Barua yako aliisoma mara mbili, akaikunja akaiweka kifuani, akapanda. Kila gari linapanda mara mbili, wanachukua muda ulio bora. Mara ya kwanza gari lilizimika pale pale kwenye mstari. Watu wakacheka. Mtangazaji kwenye kipaza sauti akasema, "Bibi, breki ya mkono." Nilimwona shingo ikinyooka. Akawasha upya, akapanda, lakini kwa hasira, akakosea kona, muda wake ukawa wa mwisho. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimesimama chini ya mnara wa simu, nimegeuzia mlima sikio zuri. Nilimsikia anakuja kabla sijamwona. Anaachia, gia, anakanyaga, anaachia. Pale kila kijana alikuwa anapiga breki kwa pupa na mkia unatoka. Yeye alishapiga breki mapema kabla ya kona, akapita kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake. Amekuwa wa tatu katika magari madogo.

Halafu wakaharibu. Jioni wakamwita mbele wakampa chupa ya chai, zawadi ya mshiriki mwenye umri mkubwa, na makofi ya kumhurumia. Mama akaishika, akaitazama, akamrudishia mwenyekiti wa chama mkononi. Akasema, "Kwenye karatasi yenu mimi ni wa tatu. Wa tatu anapewa nini?" Wakababaika, wakatafuta, wakamletea kikombe kidogo cha bati walichokuwa wamemwandalia kijana aliyekuwa wa nne. Amekichukua bila kusema asante. Njia nzima alikuwa bado amekasirika, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nimekasirika zaidi yake.

Maana mimi sijamaliza, dada. Miaka yote hii nilikuwa nailaumu homa. Darasani nakaa kona ile ile ili watoto wote wawe upande wangu mmoja. Nilizoea, kwa sababu homa haina uso. Sasa ina uso, na uso wenyewe uko ukutani sebuleni, umevaa tai. Jana niliishusha ile picha. Mama akaikuta chini, akairudisha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ni mume wangu. Ukitaka kumkasirikia, mkasirikie akiwa hapo juu anakuona."

Sikio langu umelitania vya kutosha, lakini sina deni nawe. Hukujua.

Mama anakuja kwako. Anaendesha mwenyewe. Nimesema nimsindikize, ameniuliza nani atafundisha.

Mdogo wako, Mwalimu


Kambi ya Bwawa
14 Aprili

Mdogo wangu,

Amefika. Mlinzi wa geti alimwuliza, "Dereva wako yuko wapi?" na Mama amemkasirikia mpaka leo, kila tukipita anamtazama kwa pembe ya jicho. Gari limekuja limejaa vumbi mpaka rangi huioni. Wahandisi walilizunguka, mmoja akalala chini kutazama springi, Mama akamweleza kwa nini hakutaka zile ndefu na kwa nini hakutaka zile fupi zaidi, akachoka naye akamwacha amelala hapo chini.

Hatujapatana. Usidhani. Siku ya kwanza tuligombana kuhusu Baba tangu chai mpaka wapishi wa kambi wakapunguza sauti ya redio ili wasikie vizuri. Mimi nilisema alinipa kazi, alinipa macho. Yeye akasema, "Ndiyo. Na mimi alinipa nini?" Nikamwambia, "Ulikubali." Akasema, "Nilikubali nikiwa na umri mdogo kuliko wako wa sasa, na hakuna aliyeniuliza tena." Nikaondoa vikombe vya chai mezani kabla hajamaliza chake.

Leo asubuhi akataka kuona bwawa. Tukapanda ile barabara mpya ya ukingoni, lami safi, kona ndefu, upande mmoja maji. Anaendesha vizuri. Sikuwahi kumwona mama yetu akifanya kitu kwa utulivu namna ile, hata kwenye cherehani. Nilimtazama mikono yake, halafu nikasema nisichokusudia kusema. Nikamwambia Baba alinifundisha kuendesha. Kwenye ile ile steshenwagoni, huko porini, nikiwa sijamaliza hata shule. Alifungua ufunguo mkandani akanipa, na akaniambia, "Mama yako asijue." Mimi nilidhani ni mchezo wetu, kwamba anaogopa Mama atakasirika kwa kuwa mimi mdogo.

Mama alipunguza mwendo, akawasha taa ya pembeni kana kwamba kuna gari nyuma, akasimama. Injini akaiacha inaunguruma. Akashuka, akaenda kusimama kwenye ukingo akatazama maji, mkono kiunoni. Sikumfuata. Nilimsikia akiongea, lakini si na mimi. Aliongea kwa muda, na hakuwa anaomba.

Akarudi, akaja upande wangu, akafungua mlango.

"Alikufundisha vizuri?"

"Vizuri, Mama. Alikuwa na subira."

"Subira," akasema. Akarudia tena, akanyoosha kidole kwenye kiti cha dereva. "Haya, hamia kule. Endesha nione."

Nikahamia. Kile kiti chake kimejazwa kwa ajili ya mgongo wake, kilinisukuma mbele, miguu yangu ikakunjamana chini ya usukani. Yeye akakaa pembeni, akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani. Nikaondoka taratibu. Gia ya pili, gia ya tatu. Ikaja kona ya kwanza, nikakanyaga breki katikati yake.

"Breki unaikanyaga kama yeye," akasema. "Geuza. Tunaanza upya."

Dada yako